Bosi ananirudishia ripoti kwa sababu ya mikato

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni dada wa hapa Dodoma, naishi Nkuhungu. Nafanya kazi kwenye shirika dogo linalochimba visima na kufunga pampu katika vijiji vya Chamwino. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika ripoti, na ripoti zenyewe ni za Kiingereza kwa kuwa wafadhili wetu wako Ujerumani.

Maneno hayanipigi chenga sana, na nyakati za vitenzi naziweza. Tatizo langu ni alama. Kila nikipeleka ripoti inarudi imejaa wino mwekundu, na pembeni bosi kaandika "comma splice" hapa na pale bila kunieleza chochote. Juzi kwenye kikao cha Jumatatu akasema mbele ya watu wote kwamba mikato yangu imetapakaa kama mtama ulioanikwa. Watu wakaangua kicheko, hadi kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Nami nikacheka ili yaishe, ila iliniuma.

Shuleni tuliambiwa ukifika mahali pa kupumua, weka mkato. Ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Nakuwekea hapa sentensi nne zilizorudishwa.

Ya kwanza: "The pump broke down in March, the villagers went back to the old well." Huo mkato ameuzungushia duara.

Ya pili: "The committee collected the money however the spare parts did not arrive." Hapa ameongeza mkato kabla ya "however" na mwingine baada yake.

Ya tatu: "Because the road was flooded. The drilling team waited in Mvumi." Ameikata mstari yote.

Ya nne: "The women who fetch water at night complained to the council." Ameweka mkato baada ya "women" na mwingine baada ya "night". Hii ndiyo iliyonivuruga kabisa, maana nilikuwa na hakika iko sawa.

Nilijaribu programu ya kusahihisha iliyomo kwenye kompyuta ya ofisi. Inanyoosha baadhi ya mambo, lakini ya nne iliiacha kama ilivyo, kwa hiyo sasa sijui nimsikilize nani. Halafu kuna mwenzangu anasema shida yetu ni kuchanganya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Ripoti inatakiwa Ijumaa ijayo. Nisaidie, Mwalimu.

Mwandishi wa Ripoti, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na habari ambayo bosi wako huenda asiifurahie. Katika hizo nne, mbili amekukosoa kwa haki. Moja amekutoa kwenye kosa akakuingiza kwenye kosa jingine. Na moja aliikuta nzima, akaigeuza maana. Tutafika huko.

Chukua ile ya kwanza uiseme kwa Kiswahili: Pampu iliharibika Machi, wanakijiji wakarudi kwenye kisima cha zamani. Hapo hakuna wa kukukosoa, awe wa Dodoma au wa Tanga. Sababu ni ile -ka- iliyomo ndani ya "wakarudi". Hiyo ndiyo inayokifunga kishazi cha pili kwenye cha kwanza na kutuambia kwamba hili lilifuata baada ya lile. Mkato pale ni wa kupumzishia sauti tu. Uutoe, sentensi bado imesimama.

Kiingereza hakina -ka-. Kile "went back" ni kitenzi kikavu, hakibebi kitu chochote cha kukishikiza na kilichotangulia. Ukiihamisha sentensi yako kutoka kichwani, -ka- inabaki njiani, na kinachofika kwenye karatasi ni sentensi mbili kamili zilizotenganishwa na mkato mtupu. Mkato wa Kiingereza, ukiwa peke yake, hauruhusiwi kuunganisha sentensi mbili kamili. Hicho ndicho bosi wako anachokiita "comma splice", na hapo yuko sahihi. Wala usidhani ni wewe tu. Watu wengi wanaofikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza hujikwaa papo hapo, na wanaozaliwa ndani ya Kiingereza nao hujikwaa, ingawa wao kwa sababu nyingine.

Kanuni ya kupumua iliyokulea haikutoka hewani. Zamani alama za uandishi Ulaya ziliwekwa kwa ajili ya msomaji wa sauti, ajue atue wapi na kwa muda gani. Baadaye Kiingereza kikahamia kwenye kanuni ya muundo: alama inawekwa kulingana na vishazi vilivyopo, mwenye kusoma apumue asipumue. Sisi darasani tukabaki na kanuni ya zamani, kwa sababu ni rahisi kuitamka mbele ya wanafunzi wengi. Kidato cha kwanza mtoto anatoka shule ya msingi ya Kiswahili, anakuta hesabu, fizikia na historia vyote vimegeuka Kiingereza. Mwalimu gani atapata nafasi ya kukaa na nukta mkato (;)?

Basi acha kusikiliza pumzi, hesabu vishazi huru. Kishazi huru cha Kiingereza kina kiima chake na kitenzi chake, na ukikiwekea nukta kinasimama peke yake. "The pump broke down in March." Kimesimama. "The villagers went back to the old well." Nacho kimesimama. Ukishaona vimesimama viwili, mkato peke yake hautoshi.

Angalia hapo neno kiima. Kwetu kila kitenzi huja na kiima chake mgongoni, walinunua, walifunga, walirudi, hivyo sikio letu husikia sentensi kamili kila penye kitenzi. Kwao kiima ni neno la pembeni linaloweza kukosekana. "The villagers collected the money and bought a new pipe." Vitenzi viwili, kiima kimoja. Hicho ni kishazi huru kimoja, na mkato kabla ya "and" hauhitajiki. Ukisema "The villagers collected the money, and the council bought a new pipe", viima sasa ni viwili, na mkato unaingia kabla ya "and".

Sasa ile sentensi ya pampu tuitengeneze. Njia ziko kadhaa, na kila moja inasema jambo tofauti kidogo, kwa hiyo usichague kwa kupenda umbo la alama.

Ya salama ni nukta. "The pump broke down in March. The villagers went back to the old well." Hakuna atakayekuzungushia duara. Kwa ripoti ya Ijumaa, nusu ya shida zako zinakwisha kwa nukta tu, na mfadhili anayesoma ripoti kutoka nchi chungu nzima atakushukuru kwa sentensi fupi.

Lakini nukta haisemi uhusiano. Kama unataka mfadhili aone kwamba kuharibika kwa pampu ndiko kulikowarudisha watu kisimani, tumia kiunganishi: "The pump broke down in March, so the villagers went back to the old well." Viunganishi vya kazi hii ni saba, "for, and, nor, but, or, yet, so", na walimu wa Kiingereza hukusanya herufi zake za mwanzo wakapata FANBOYS. Vikariri. Neno lisilokuwa katika hivyo saba haliwezi kuunganisha vishazi huru viwili kwa msaada wa mkato. Utaona uzito wa jambo hili tukifika kwenye "however".

Au ushushe kishazi kimoja kiwe tegemezi: "When the pump broke down in March, the villagers went back to the old well." Hii mimi ndiyo ninayoipenda kwako, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na ile -ka- yako. Inatunza mfuatano wa matukio bila kupiga kelele.

Au nukta mkato: "The pump broke down in March; the villagers went back to the old well." Ni sahihi kabisa. Nukta mkato inafanya kazi ya nukta, kisha inamnong'oneza msomaji kwamba haya mawili yanahusiana, aone mwenyewe yanahusianaje. Alama hii imekuwapo kwa zaidi ya miaka 500. Ilianzia Venice mwishoni mwa karne ya 15, kwa mchapishaji Aldus Manutius. Ila nina neno nayo. Katika ofisi zetu imekuwa pambo. Mtu akishaijua anaipachika kila aya ili aonekane amesoma, na mara nyingi anaiweka mahali pa nukta pacha (:) au mahali pa mkato wa kawaida. Kipimo chake ni kimoja: kushoto kwake kuwe na sentensi kamili na kulia kwake kuwe na sentensi kamili. Upande mmoja ukipungua, iondoe. (Ipo kazi yake nyingine, ya kutenganisha vitu katika orodha ambayo tayari ina mikato ndani, lakini hiyo haikuhusu leo.)

Nukta pacha nayo huunganisha, pale sehemu ya pili inapoeleza au kufichua kilichotajwa katika ya kwanza. "One thing is clear: the pump was too small." Kushoto lazima kuwe na sentensi kamili. Basi.

Utaniuliza, mbona Kaisari ananukuliwa kwa Kiingereza "I came, I saw, I conquered", na hakuna anayemzungushia duara? Vishazi vifupi sana, vya umbo moja, vinavyofuatana kwa mkupuo, vinavumiliwa. Waandishi wa riwaya nao huvunja kanuni hii kwa makusudi. Ripoti ya pampu haina ruhusa hiyo.

Tuje kwenye ya pili, ambayo ndiyo mzizi wa fitina katika maandishi mengi ya ofisini. Sisi tunaona "however" ni "lakini", kwa hiyo tunaiweka mahali pa "but". Bosi wako naye anaona hivyo hivyo, ndiyo maana ameipa mikato miwili akaridhika. Matokeo yake: "The committee collected the money, however, the spare parts did not arrive." Hiyo ni ile ile "comma splice" anayokugombezea wewe.

Ushahidi ni huu. Jaribu kulitembeza neno ndani ya kishazi chake. "The spare parts, however, did not arrive." Inakubali. "The spare parts did not arrive, however." Inakubali. Sasa jaribu na "but": "The spare parts but did not arrive." Imekataa. Kiunganishi hukaa mlangoni pa kishazi na hakihami. "However" inahama kwa sababu ni kielezi, na kielezi hakiunganishi vishazi. Kwa hiyo kabla yake unahitaji alama yenye nguvu: "The committee collected the money; however, the spare parts did not arrive." Au nukta, kisha "However" kwa herufi kubwa, kisha mkato. Au urahisishe maisha yako uandike "but" na mkato mmoja kabla yake.

Ndugu zake "however" ni wengi: "therefore", "moreover", "consequently", "nevertheless", "otherwise". Wote wapime kwa kuwatembeza. Na kuna mmoja mdogo anayepita bila kugunduliwa, "then". Tunaandika "We inspected the tank, then we wrote the report" kwa sababu kwetu "kisha" linaunganisha bila taabu. Kwao "then" si miongoni mwa wale saba. Andika "and then we wrote the report", au uweke nukta mkato kabla ya "then".

Ya tatu sitakaa nayo. "Because the road was flooded" ni kishazi tegemezi. Umekiwekea nukta kikabaki kinaning'inia. Kikitangulia, kimalizie kwa mkato: "Because the road was flooded, the drilling team waited in Mvumi." Kikifuata nyuma, kwa kawaida mkato hauhitajiki: "The drilling team waited in Mvumi because the road was flooded." Bosi kukata mstari bila kukuonyesha cha kufanya ni uvivu, lakini kosa lilikuwapo.

Maadam tuko hapa, kuna kosa ambalo hukulileta ila nakuhakikishia utalikuta ndani ya ripoti yako. Kwa Kiswahili tunasema "Ingawa kisima ni kirefu, lakini hakina maji", na sikio linaridhika. Ukihamisha hivyo unapata "Although the well is deep, but it has no water." Kiingereza hakitaki vyote viwili. Ama "although" pekee, ama "but" pekee. Fungua faili lako sasa hivi, tafuta kila "although", na uangalie kama kuna "but" inayolifuata kwa nyuma.

Sasa ya nne, na hapa naomba usome polepole.

Uliandika kwamba wanawake wanaochota maji usiku walilalamika kwa halmashauri. Kwa Kiswahili maandishi hayo yana utata: inawezekana ni wanawake wote, na wote huchota usiku, inawezekana ni wale tu wanaochota usiku, wengine wakiwa wanachota mchana. Tunaachia mazungumzo yaamue. Kiingereza kinatenganisha maana hizi mbili kwa mikato. Bila mikato, kama ulivyoandika, walalamikaji ni kundi maalumu, wale wa usiku. Pamoja na mikato ya bosi, "The women, who fetch water at night, complained to the council", wamelalamika wanawake wote unaowazungumzia, na wote wanachota maji usiku. Hiyo ni hali nzito zaidi kijijini. Mfadhili akiisoma atauliza kwa nini pampu yake haitoi maji mchana.

Kwa hiyo hapa suala si sarufi, ni ukweli. Wewe ndiye uliyekwenda kijijini. Kama walikuwa baadhi, sentensi yako ilikuwa sahihi na mikato itoke. Kama walikuwa wote, mikato ibaki.

Jambo hili hili lipo kwenye mali. "The pump that we installed in 2022 is working" inamwachia msomaji picha kwamba pampu ni zaidi ya moja, na unamtajia ipi. "The pump, which we installed in 2022, is working" inamwambia pampu ni moja, na mwaka ni maelezo ya ziada. Kwa shirika linalohesabiwa pampu zake, usiiweke mikato hiyo kwa mazoea. Kukusaidia: "that" haiji na mikato ya namna hii hata siku moja.

Ndiyo sababu programu yako iliiacha sentensi ya nne. Zote mbili ni Kiingereza safi, na kompyuta haikuwa Chamwino. Itumie kukamata mikato mitupu kati ya vishazi huru, kazi hiyo inaiweza vizuri. Mambo ya nani alilalamika usiikabidhi.

Kuhusu bosi. Usimpelekee somo la "however" kwenye kikao, hata kama ulimi unawasha. Mpelekee ile ya nne, ofisini kwake, na umuulize swali la kazi: "Bosi, tunataka kusema wanawake wote wanachota usiku, au ni baadhi?" Atajibu, na akijibu atakuwa ameamua mwenyewe mikato ikae au itoke. Ile ya pili wewe iandike tu kwa nukta mkato na uiache. Akiuliza, mwonyeshe jinsi neno linavyotembea. Na akirudia maneno ya mtama mbele ya watu, mwambie faraghani, kwa adabu, kwamba unaomba masahihisho yako upewe mezani kwako. Hilo ni ombi la kawaida kazini.

Mwenzako wa Uingereza na Marekani hajakusaidia. Katika kuunganisha vishazi, kanuni nilizokupa ni zile zile pande zote mbili. Wanakotofautiana ni pembeni: Wamarekani huingiza mkato na nukta ndani ya alama za kufunga usemi hata pale ambapo Mwingereza angeziacha nje, huweka nukta baada ya "Mr" ambayo Waingereza wengi siku hizi hawaiweki, na kistari chao kirefu hugusa maneno pande zote wakati vitabu vingi vya Uingereza huweka kistari kifupi zaidi chenye nafasi kushoto na kulia. Muulize mhasibu wenu mkataba wa wafadhili umeandikwa kwa mtindo upi, ufuate huo hadi ukurasa wa mwisho.

Mwalimu